Uso Ulioishia Kidevuni

Jicho halikumbuki kwa kukaa. Hukumbuka kwa kutembea. Hili sikufundishwa chuo cha Kurani wala shuleni. Shule nilisoma mpaka darasa la saba, na huko tuliambiwa kwamba jicho ni dirisha, na dirisha halitoki mahali pake. Nimelijua mwenyewe katika miezi minne na siku kumi ya eda, nguo nyeupe mwilini, tasbihi mkononi, nimekaa nyuma ya pazia nikiwachungulia wanawake waliokuja kunipa pole. Mmoja akimuuliza mwenzake, "Marehemu alikuwa akikaa wapi pale barazani?" yule anayeulizwa, kabla hajafungua mdomo, jicho lake limekwishaondoka. Limekwenda kwenye baraza ambayo haimo chumbani humo, limegusa mto, limegusa bakora, limepumzika kidogo mlangoni, ndipo mdomo unafuata nyuma: "Pale, karibu na mlango." Ulimi ni mjumbe tu. Jicho ndilo linalokwenda kisimani, na linakwenda kwa njia ile ile lililopita siku ya kwanza. Njia nyingine haliijui.

Nilipoyaona haya nikaogopa. Maana kila nilipomkumbuka mume wangu, macho yangu yalikwenda sakafuni.

Kuona nilimwona. Hukai na mwanamume miaka thelathini na mmoja usimwone. Alipita mlangoni, alipita kwenye kioo, alisimama mbele ya taa. Lakini kuona ni maji yanayopita juu ya jiwe; kutazama ni jiwe kulowa. Nilimwona Faki mara elfu na sikumtazama. Hata siku ile waliponiita nimuage, wakamfunua sanda usoni, nilichokiona ni machozi yangu mwenyewe, na nyuma ya machozi kitu cheupe, kisha wakamfunika.

Mji wetu hauna jina, au unalo na tumekatazwa kulitamka. Nimesahau lipi kati ya hayo mawili. Kuta zake zote zimepakwa chokaa. Picha hazikai kwetu. Ukimpiga mtu picha leo, siku ya saba karatasi imerudi nyeupe kama haijawahi kumjua. Kwa hiyo nyuso za marehemu huwekwa katika Nyumba ya Sura, na njia ya kuziweka ni moja. Eda ikiisha, siku hiyo hiyo, kabla mjane hajavua nguo nyeupe, hupelekwa akakalishwa mbele ya ukuta mtupu. Msomaji husimama ubavuni na kipande cha mkaa, humtazama macho, na popote jicho linapotembea ukutani, mkaa unalifuata. Mjane halazimiki kusema neno. Jicho likimaliza safari yake, uso uko pale. Kisha mtu wa pili, wa damu au wa ndoa, huapa kwamba ndiye. Uso usioapiwa hufutwa kwa kitambaa kibichi.

Na asiye na uso? Ijumaa, watu wakitoka kuswali, nyumba hufunguliwa na kila mtu huenda kuwasalimu wake. Salamu yataka pa kutua. Wasio na uso hukaa nje, upande wa nyuma, wameelekea ukuta, na salamu huwapita kama upepo unavyoupita mti uliokatwa. Baada ya hapo huanza kuanguka jina. Kwanza majirani hulisahau, kisha ndugu, mpaka siku moja mke mwenyewe anasema "yule." Mie nilikwishasema "yule" mara mbili. Mara ya pili nilijipiga kofi mdomoni.

Mungu hahitaji mkaa wa mtu. Yeye anamjua Faki kwa uso aliomuumba nao, na Siku ya Siku atamwita kwa jina lake na la mama yake. Hilo naliamini na silitilii shaka. Lakini nitasema ukweli: mie sikuwa naenda kule kwa ajili ya Mungu. Hatukujaaliwa mtoto. Faki alikuwa na watu wawili tu wa kumwekea uso, mie na dada yake, na dada yake ni kipofu.

*

Bi Mosi, huyo dada yake, ana miaka tisa haoni. Mtoto wa jicho alimziba la kulia, mwaka uliofuata la kushoto. Siku eda ilipoisha alinishika bega tukashika njia ya Nyumba ya Sura. Ilikuwa alasiri. Katika mtaa huo ni alasiri daima, na ukitaka adhuhuri lazima uzunguke.

"Wifi, unanipeleka au unanikokota?"

"Nakupeleka, wifi."

"Basi nyanyua miguu. Faki alikuwa akisema, mke wangu hutembea kama mtu aliyedondosha sindano."

"Alisema hivyo?"

"Alisema mengi. Ungemtazama ungeyaona kabla hajayasema."

Tukapita dirisha ambamo mama alikuwa akimchana bintiye nywele. Tukaenda, tukapinda, tukalipita tena. Sasa binti alikuwa mtu mzima na ndiye aliyemchana mama, na kichwa cha mama kilikuwa cheupe. Mara ya tatu palikuwa na kitana peke yake kimelala kizingitini, na unywele mmoja. Sikumwambia Bi Mosi. Nilidhani sisi tumezunguka njia. Sasa nadhani njia ndiyo iliyotuzunguka sisi, kutuonyesha jambo, nami nilitazama kitana na kuhesabu meno yake.

Kiwanjani saa kubwa ilikuwa inalia. Wakubwa wa mji waliitundika zamani na kuamuru kwamba kila apitaye aitazame mpaka ilie mara tatu. Watu walikuwa wamesimama, shingo juu, macho yamekazwa. Nilisimama na wengine, ingawa mie niliitazama nguzo yake chini, penye kutu.

"Wanatazama?" Bi Mosi akauliza.

"Wanatazama."

"Mie miaka tisa siitazami, na ndimi pekee mjini ninayekumbuka kwamba hao wakubwa walituahidi maji, si saa."

*

Msomaji alikuwa mwanamke, alhamdulillahi. Bi Tumu, mkavu, vidole vyeusi mpaka kwenye kifundo. Alinikalisha juu ya mkeka. Mbele yangu ukuta ulikuwa mpana kama shuka iliyoanikwa, na katikati yake msumari mmoja.

"Kwanza nikujaribu," akasema. "Kaza macho kwenye msumari. Usiyatoe. Sasa nieleze chumba chenu."

Nilikaza. Nikafungua mdomo. Chumba nilichofagia miaka thelathini na mmoja hakikuja. Kilikuja kipande cha mlango, kikaondoka. Nilijua kuna kitanda, nilijua kama mtu anavyojua kwamba kuna nchi za mbali, lakini kilikuwa upande gani?

"Sasa yaachie."

Nikayaachia, na chumba kikamwagika. Kitanda kule kushoto, sanduku la mvule miguuni pake, kata ya maji, mkeka wenye ukingo uliong'ofolewa na paka. Macho yangu yalikimbia huku na kule juu ya chokaa kama kuku waliofunguliwa banda, na kila yalipotua palikuwa na kitu kinawasubiri.

"Ndivyo," akasema Bi Tumu. "Jicho lililofungwa halikumbuki. Wanaotundika vitu vya kutazamwa wanalijua hilo. Haya, bibi. Mlete mumeo."

Nikasema bismillahi. Nikamleta.

Mkaa ukaanza. Niliusikia, kwaru, kwaru, na nikaona Bi Tumu anainama. Akainama zaidi. Mwishoni akapiga magoti.

Bi Mosi alikuwa amekaa nyuma yangu. "Mbona mkaa unalia chini?"

"Jicho liko chini, bibi," akajibu Bi Tumu.

"Chini wapi?"

"Mwisho wa ukuta. Nachora miguu."

Kisha wifi yangu akacheka, kicheko kibaya cha kifuani. "Subhanallahi! Mwanamke wee, ulikuwa umeolewa na miguu?"

Ilikuwa miguu yake kweli. Kidole gumba cha kulia kilichopoteza ukucha. Kisigino chenye mipasuko mitatu. Pindo la shuka lenye alama ya gundi, maana Faki alikuwa seremala na gundi haikumtoka. Nilipoiona nikalia. Hakuna mtu duniani ambaye miguu yake imekumbukwa vile. Ningeulizwa mshipa mmoja mmoja ningeujibu.

Lakini macho hayakusimama. Yalikuwa yanatembea kwa mpango ambao mie sikuupanga, mwaka kwa mwaka, na mkaa nyuma yake. Kando ya miguu ya kwanza ikaja miguu mingine, na juu yake miguu ya kiti, mirefu. Kisha kiti kile kile, miguu mifupi kidogo. Kisha mifupi zaidi. Kisha kigoda. Kisha hakuna kigoda. Magoti juu ya mkeka, kiganja kimewekwa sakafuni. Vyote katika mstari, kama ngazi inayoshuka.

Nilikijua kiti kile. Ni yeye aliyekitengeneza, na kila baada ya miaka miwili mitatu alikigeuza juu chini akakipunguza miguu kwa msumeno, vidole viwili, vidole viwili. Mie nilifagia unga wa mbao. Nilidhani mgongo wamuuma, kiti kirefu kinamtaabisha. Nikawa namsugua kwa mafuta ya nazi na karafuu, nimekaa nyuma yake, na yeye kimya. Miaka mingapi nilimsugua mgongo usiouma! Kumbe alikuwa anashuka. Mtu mzima, fundi, anaukata urefu wake vidole viwili kila mara ili uso wake uje chini, uje hapo macho yangu yalipokuwa yanakaa, unikute.

Na mara moja alisema. Mara moja tu alisema kwa mdomo. Tulikuwa tumekula, mvua inapiga bati.

"Kazija, niangalie."

Nikadhani ananijaribu haya. Nikainamisha zaidi.

"Kazija."

Nikasema, "Labeka, bwana," nikakusanya sahani.

Hakurudia. Siku ya pili nilisikia msumeno.

Pale mwisho wa ngazi, juu ya kiganja kilichokaa sakafuni, mkaa wa Bi Tumu ukapanda kidogo. Ukachora mstari uliopinda, nywele chache, kishimo kidogo katikati. Kidevu. Kisha jicho langu likageuka, nikaliona mwenyewe linageuka, likaenda pembeni kwenye ukingo wa mkeka ulioliwa na paka, likakaa huko.

"Rudi," akasema Bi Tumu polepole. "Ulikuwa umefika. Rudi ulipoachia."

Nikarudi. Kidevu. Likageuka. Nikarudi. Likageuka. Nilijaribu kulisukuma kama mtu anavyomsukuma punda asiyetaka daraja, na ukuta juu ya kidevu ukabaki mweupe, mweupe, mweupe.

"Hana njia ya kupita hapo," Bi Tumu akasema, si kwangu, kwa Bi Mosi. "Jicho halijawahi kupita."

*

"Nani alikuambia?" Bi Mosi akauliza. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Wifi, nani alikuambia mume hatazamwi?"

"Somo, aliyenifunda."

"Somo yupi?"

"Somo yetu. Bi Mwanakheri. Alinishika kidevu usiku wa kuamkia harusi akasema, Kazija, mume hatazamwi usoni, macho ya bibi harusi ni zulia, yatandike chini. Nikayatandika."

"Mpaka lini?"

"Hakusema mpaka lini."

"Hakusema!" Akapiga kofi mapaja yake. "Alinifunda na mie huyo huyo, miaka mitano kabla yako, maneno hayo hayo, zulia na mambo yote. Siku saba, mwanamke! Fungate! Siku saba, ili haya zisimwagike zote mara moja. Siku ya nane akaja kwangu asubuhi na sinia la vitumbua, akaninyanyua kichwa kwa mikono yake miwili, akasema, haya, sasa mtazame mpaka achoke yeye. Kwako hakuja?"

Nilikumbuka. Macho yangu yalikwenda upande wa kulia, juu ya chokaa, yakaikuta ile siku ya nane: mlango uliofungwa, mwanga chini yake, hakuna mguu wa mtu.

"Hakuja," nikasema. "Alikuwa na msiba kwao. Alisafiri."

"Nawe hukuuliza?"

"Nimuulize nani?"

"Mie! Nilikuwa nyumba ya pili!"

Nifanye nini na jambo kama hili? Ningekuwa mkaidi ningejilaumu kwa ukaidi. Nilikuwa mtiifu, na utiifu wangu haukuwa wa bure, niliutilia mbolea. Nilichukua aya ya kuinamisha macho, iliyoteremshwa tujihifadhi na ya haramu, nikaibeba nzima mpaka kwa mume wangu wa halali, juu ya mkeka wake, mbele ya sahani yake, nikidhani naongeza thawabu. Hakuna aliyeniamuru. Mwalimu wa chuoni hakuniamuru. Kitabu hakikuniamuru. Neno la siku saba lilikosa mtu wa kulifungua, nami nikaishi ndani yake kama mtu aliyefungiwa ghalani kwa bahati mbaya akaamua kwamba ghala ndiyo swala.

Najiuliza watu wangapi wanaishi hivi. Amri inatolewa ya siku moja, mtoaji anasafiri, anakufa, na wajukuu bado wamesimama shingo juu wakiitazama saa. Mwenye nguvu hana haja ya kurudi kila siku kukufunga. Afunge mara moja, kisha asije siku ya nane.

*

"Nisogezeni," Bi Mosi akasema.

"Bibi, wewe huoni," akasema Bi Tumu.

"Nilipoteza kuona, sikupoteza macho. Nisogezeni."

Tukamkalisha mbele ya ukuta, akaelekea kile kidevu nilichokileta mie. Macho yake ni meupe kama maziwa yaliyomwagwa ndani ya maji. Akayanyanyua. Na Wallahi yakaanza kutembea. Bi Tumu, mwanamke aliyesoma macho ya mji mzima, alisita, kisha akakimbilia mkaa.

Bi Mosi alianza na mdomo. "Maana," akasema, "nilikuwa nagombana naye, na nikigombana na Faki natazama mdomo nijue uongo gani unakuja." Mdomo ukaja, umepinda upande, unakaribia kucheka. Pua. Mashavu. Mkunjo mmoja katikati ya nyusi. Jicho la kwanza, jicho la pili. Masikio akayaendea mwisho, harakaharaka, akisema, "alikuwa hayatumii hayo." Na mstari wa chini ulipokuja, ukashuka ukakutana na kidevu nilichokileta mie, ukakaa juu yake barabara, pamoja na kishimo chake.

Uso ulikuwa mzima. Ulinitazama.

Nikainamisha macho.

Mbele ya mkaa! Mbele ya ukuta! Nilijiona nafanya nikaona aibu kubwa kuliko zote za maisha yangu. Nikajilazimisha. Nikanyanyua kichwa kidogo kidogo, nikautazama uso wa mwanamume yule. Ulikuwa uso mzuri. Ulikuwa uso wa mtu ambaye ungemwomba kisu ukajua atakupa akiwa ameshika makali yeye. Ningeweza kuupenda. Nilisubiri kitu ndani yangu kiseme, huyu. Nilisubiri kama mtu anavyosubiri mlangoni baada ya kubisha hodi, hodi ya pili, ya tatu. Ndani palikuwa kimya.

Bi Tumu akaweka mkaa chini. "Kazija binti Makame. Waapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba huyu ndiye Faki bin Ussi, uliyekaa naye miaka thelathini na mmoja?"

Kidole cha Bi Mosi kikanibana mbavuni. "Sema wallahi twende zetu."

Nikauangalia ukuta tena.

"Wifi. Ni yeye. Nakuambia mie ni yeye. Nimetoka tumbo moja naye."

"Najua, wifi."

"Basi apa!"

Ni neno moja. Watu huliapia bei ya samaki. Ningelisema, Faki angepata ukuta wake na Ijumaa ningekuja kumsalimu, na baada ya miezi michache macho yangu yangezoea njia ile ya mkaa, na ningekumbuka uso, na usingekuwa wangu, ungekuwa wa dada yake, lakini nani angejua. Ningemwambia mtu, marehemu alikuwa na mkunjo hapa. Ningegusa hapa. Na nikifika kwa Mola wangu akaniuliza, ulimtazama mja wangu niliyekupa? ningekuwa na uongo mkubwa umesimama mahali pa ukweli mchungu. Ukweli mchungu ndio pekee niliobaki nao wa Faki. Ndio mali yake kwangu.

"Siwezi," nikasema. "Simjui."

"Ya Rabi!"

"Naapia kidevu," nikasema. "Kidevu nakijua. Na miguu. Wallahi, billahi, tallahi, kidevu hiki ni cha mume wangu na miguu ile ni yake. Hapo juu sikufika."

Bi Tumu alinitazama muda mrefu. Kisha akachovya kitambaa kwenye ndoo.

Bi Mosi alisikia maji. "Nini hicho?" Akanyoosha mikono hewani. "Kazija, nini hicho? Anafanya nini?"

"Anafuta, wifi."

Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ya maziko. Kitambaa kikapita juu ya nyusi, kikapita juu ya mdomo uliokaribia kucheka. Bi Tumu alifuta kwa upole, kama mtu anayemwosha maiti, na alipofika kwenye kidevu akasimama. Miguu akaiacha kule chini. Katikati palibaki doa bichi la kijivu, na lenyewe likaanza kukauka likawa jeupe.

"Ijumaa njoo," akaniambia. "Wengine watapita. Watu hawatazami chini. Wewe utamwona."

*

Nje tulikaa kwenye ngazi za nyumba. Alasiri ile ile. Nyuma ya jengo walikuwa wale wasio na uso, siwaoni lakini nilijua wapo, na sikujua kama Faki amehesabiwa nao au kidevu kimemwokoa nusu. Bi Mosi alikaa mbali nami, hatua mbili.

"Umemzika mara ya pili," akasema.

"Ndiyo."

"Usiniitikie ndiyo. Gombana nami angalau. Kaka yangu alikata kiti."

"Nimeona."

"Alikuja kwangu akaniambia, Mosi, nimebakiza mkeka, nikishuka zaidi nitachimba. Akacheka. Mie nikacheka naye. Nilidhani anasema habari za useremala." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Sijakusamehe, ujue."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe."

Watu walipita. Mmoja alimsalimu, "Bi Mosi, mbona hubadiliki, kila siku msichana!" naye akajibu kwa mdomo wa kuzoea, "Marahaba, mwongo wangu," mpaka hatua zile zikapotea.

Kisha akageuka upande wangu. Akasogea, akitafuta ngazi kwa kiganja, hatua moja, ya pili, mpaka magoti yetu yakagusana.

"Unasikia wanavyonidanganya? Miaka tisa. Sijabadilika, msichana, waridi. Kila mtu. Mwanangu wa kambo ananiambia, mama, uko vile vile. Nagusa hapa, najua siko vile vile, lakini mkono haujui kusoma." Akainua uso wake ukanielekea. "Wewe umekataa kumwapia ndugu yangu kwa kuwa hukumwona. Basi. Nikoje? Nitazame uniambie. Na usinipambe."

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimemjua kwa sauti, kwa udi wake, kwa vidole vya miguu vilivyopakwa hina mlangoni pangu kila Idi. Macho yangu yalikwenda huko huko, kwenye vidole. Nikayatoa. Yalikuwa mazito, kama yamefungwa mawe, na hakukuwa na mtu wa kuninyanyua kichwa kwa mikono miwili.

Nikaanzia kwenye paji. Sikujua watu huanzia wapi.

"Una mistari minne hapa juu," nikasema. "Wa tatu umekatika katikati. Una baka jeusi chini ya jicho la kushoto, ukubwa wa mbegu ya papai."

"Hilo ni jipya. Haya."

"Mdomo wako umeshuka upande mmoja. Meno mawili hayapo." Nikautazama uso wote kwa pamoja. "Una uso wa mtu aliyechoka sana, wifi."

"Huo naujua," akasema. "Endelea."